Kwenda Biharamulo Kuuchukua Mwisho wa Ngoma ya Mlango

Tangu nirudi kila mmoja wenu ameniuliza kwa wakati wake, na kila mmoja nimempa kipande. Mariselina anajua habari za lori, Anita anajua habari za simu, wengine mmeambiwa tu kwamba sikufanikiwa. Naiandika safari yote kwa mpangilio wake, ili vipande visije vikaunganishwa vibaya, na ili nisilazimike kuisimulia tena kwa mdomo.

Kwa wale waliojiunga na kikundi chetu cha ngoma karibuni nianze na kitu chenyewe nilichokifuata. Sista Filomina ni Mhindi, muuguzi, aliyefanya kazi zahanati ya misheni huku Ngara nilipokuwa msichana. Kwao, kusini mwa India, alifundishwa Bharatanatyam tangu utotoni. Ni ngoma ya zamani sana, iliyochezwa kwenye mahekalu kabla ya kuchezwa majukwaani, na mtu huipokea kutoka kwa mwalimu wake, mwili kwa mwili. Sisi wasichana wa kwaya alitufundisha nyuma ya zahanati baada ya kazi. Tulianza na kukaa: magoti yametazama nje, mgongo umenyooka, kama mtu aliyetaka kuketi akakatazwa katikati. Kisha miguu, unyayo wote ukipiga chini kwa sauti moja. Kisha mikono, ambayo ndiyo maneno ya ngoma ile. Vidole vikikunjwa hivi ni ua, vikikunjwa vile ni swala, vile ni taa. Jicho lazima liende na mkono, na uso useme kile ambacho mkono umekitaja. Ngoma ya kufungulia inaitwa alarippu. Sisi tuliiita "araripu", na Sista alichoka kuturekebisha, akaanza kuiita hivyo na yeye.

Ngoma ya Mlango ilikuwa ya mwisho kutufundisha. Aliitunga mwalimu wake mwenyewe, katika mji mdogo ambao siwezi kuutamka vizuri, na kati ya wanafunzi aliowafundisha, Sista alisema amebaki yeye tu. Inasimulia hivi: mwanamke yuko nyumbani jioni. Mtu anabisha hodi. Mwanamke anawasha taa, anajifunga nguo vizuri, anashika nywele, anasita, anakwenda mlangoni, anaweka mkono kwenye komeo. Tulipofika kwenye komeo Sista akahamishwa. "Kilichobaki ni kifupi," alituambia. "Nitawapa mkikomaa."

Mnajua nimetumia utu uzima wangu wote kujisomea mambo haya. Nina vitabu, nimetazama kwenye simu kila video niliyoweza kuipata, na majina ya mikono nayajua kwa mpangilio. Ngoma ya Mlango haimo popote. Kwa hiyo Sista aliporudishwa mkoani kwetu, Biharamulo, mwaka jana, akiwa mzee, nilimpigia simu, naye, ambaye hufupisha jina langu Leokadia, akasema, "Njoo na njuga zako, Leo, nitakupa mwisho." Nilimjibu nitakuja nikimaliza sare za shule. Mimi ni fundi cherehani na huo ndio msimu wangu.

Keza mpaka Kasulo

Sare zilikuwa bado mezani siku Sista Skolastika aliponipigia. Huyu ni mtawa kijana, Mhaya, anayeishi na Sista Filomina. Mtandao wa simu wa huku kwetu Keza mnaujua. Nilisikia hivi: "Mama, Sista Filo ameaga jana... watu walilia sana... njoo..." Kisha simu ikafa.

Nilikaa chini kwenye vipande vya kitambaa. Sikupiga tena. Kwetu mtu akiletewa habari ya msiba hapigi simu kuuliza kama ni kweli. Anafunga safari.

Nilivaa kilemba cheusi. Njuga niliziweka kwenye mkoba, zile za mikanda ya ngozi alizoniachia Sista, kwa sababu niliona si vyema zibaki ukutani wakati mwenyewe anazikwa. Nilikuwa pia na tumaini dogo: huenda mabinti wanaoishi na masista Biharamulo walipewa kile kipande kabla hajafa. Nilijiambia nitauliza baada ya maziko, kwa heshima, mara moja.

Bizimana alinichukua kwa pikipiki. Njia ilikuwa na utelezi, na kila tulipodunda mkoba ulilia.

"Pore mama," alisema, bila kugeuka. "Marehemu ni ndugu?"

"Ni mwalimu wangu."

"Wa shure ya msingi?"

"Wa kucheza."

Tulipofika Kasulo, barabara kuu, aliniteremsha akasema, "Mimi mwarimu wangu wa kucheza angekufa, mke wangu asingeniruhusu kwenda maziko." Alikuwa anajaribu kunichekesha, na ningekuwa na nguvu ningecheka.

Kasulo mpaka Nyakahura

Magari ya abiria yalikuwa yamepita yamejaa. Nilipata nafasi kwenye Fuso ya ndizi iliyokuwa inakwenda Kahama. Dereva aliniweka katikati, yeye kulia, utingo wake kushoto. Utingo alikuwa kijana mwenye maneno.

"Mama, hicho kinacholia kwenye mkoba ni nini?"

"Njuga."

"Njugu zinalia?"

"Njuga. Za kuvaa miguuni, za kuchezea."

Dereva alipunguza mwendo. "Za kuchezea ngoma gani?"

"Ya Kihindi."

Utingo aligeuka mzimamzima anitazame. "Mama mtu mzima, kilemba cheusi, anakwenda msibani na njuga za Kihindi! Bosi, huyu mganga huyu. Hebu muulize vizuri amebeba nini kingine."

Nilieleza. Nilieleza kwa utaratibu, nikaanza na zahanati, nikafika kwenye mikono, nikawaonyesha mkono wa taa. Hilo lilikuwa kosa. Utingo alipoona vidole vinakunjwa alijibana kwenye mlango na hakusema neno tena mpaka Nyakahura, mahali ambapo springi ilikatika na gari likainamia upande mmoja.

"Nilikwambia," alisema utingo.

Dereva alizunguka gari, akatazama springi, akanitazama mimi. Alikuwa mtu mpole. "Mama, sikufukuzi," alisema. "Ila teremka. Na mzigo wako."

Niliteremka. Barabara ile ina msitu mrefu mbele yake na mwanamke hasimami hapo peke yake. Nilisogea kwenye nyumba ya kwanza iliyokuwa na watu. Alikuwako bibi mmoja Msukuma, Bibi Kabula, aliyehamia huku na ng'ombe zamani kutoka Shinyanga, amekaa mlangoni anamenya viazi vitamu vya kukausha. Nilimwamkia.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umefiwa na nani?"

Nilimwambia. Aliniletea michembe, viazi vile vikishakaushwa, imechemshwa na karanga, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Aliposikia mkoba unalia hakuogopa. Kwao njuga wanazijua, mumewe alizivaa kwenye mashindano ya ngoma. Alizitoa mwenyewe, akazipima mkononi, akasema ni nyepesi kuliko zao. Kisha akasema, "Vaa. Nikuone alichokufundisha huyo Mhindi."

Nilikuwa sijacheza mbele ya mtu aliyenizidi umri tangu usichana. Nilivaa nikacheza uwanjani kwake, ng'ombe wakirudi, Ngoma ya Mlango kutoka hodi mpaka komeo. Nilipofika kwenye komeo nilisimama.

Bibi alingoja. "Endelea."

"Ndiyo mwisho ninaoujua."

"Nani anabisha?"

"Sijui, bibi."

"Mwanamke amewasha taa, amejifunga nguo, amekwenda mpaka mlangoni, na miaka yote hii unacheza hujui anayebisha ni mumewe au ni mwizi?" Alinitazama kwa huruma ambayo ilinikera. "Sasa uso wako unauwekaje?"

Ndilo swali lenyewe. Uso wa mtu anayefungua mlango unategemea anayemfungulia. Nimeucheza kila namna: kwa furaha, kwa hofu, kwa aibu. Kila namna ni kubahatisha.

Kabla giza halijaingia alipita kijana wa pikipiki anayekwenda Lusahunga, akasema nafasi ipo. Nilisimama nichukue mkoba. Bibi Kabula akanishika mkono. "Marehemu hakimbii, mwanangu. Kula, lala, asubuhi utakwenda na uso uliooshwa." Niliona ana akili. Nilimwambia kijana aende.

Lusahunga mpaka Biharamulo

Asubuhi nilifika Lusahunga kwa gari la mnada. Malori yalikuwa yamepangana pande zote mbili za barabara na madereva wanapiga mswaki. Nilikunywa chai ya rangi na chapati, nikanunua sukari na majani ya chai vya kupeleka msibani, nikatafuta pikipiki bila haraka. Mwendeshaji mmoja alitaka kuondoka upesi, nikamwambia asubiri nimalize chai. Nayaandika haya kwa sababu ndivyo yalivyokuwa.

Nyumba ya masista Biharamulo iko nje kidogo ya mji. Nilishuka getini. Sasa, mtu anayefika kwenye msiba haingii kimya kama mdai. Nilianza kulia tangu getini, kwa sauti, mikono kichwani, nikimwita Sista kwa jina lake na kumuuliza ameniachia nani. Niliingia uani hivyo.

Mabinti walikuwa wanamenya ndizi na kucheka. Mmoja aliangusha kisu. Sista Skolastika alitoka jikoni mbio, mikono ina unga.

"Mama Leo! Mama Leo, jamani, nani kafa?"

Nilisimama katikati ya ua. "Si mlisema Sista Filo ameaga?"

"Ndiyo, aliaga. Jumapili, kanisani. Anarudi kwao India, shirika limemwita akapumzike. Nilikwambia uje mapema umuwahi."

Ile "mapema" sikuisikia. Wala "anarudi kwao". Nilibaki na "ameaga", nikaipa maana tunayoipa sisi mtu anapokuwa mzee na simu inapokuwa mbaya. Baadaye nilikaa nikafikiri: Kihangaza chetu kina neno lake la kuagana na neno lake jingine la kufa, na hayakutani. Kihaya nacho, Skolastika alinithibitishia. Lakini yeye hajui Kihangaza na mimi sijui Kihaya, na Kiswahili tulichokutania kimeyaweka mambo hayo mawili kwenye neno moja.

"Yuko wapi?" niliuliza.

Alijifuta unga kwenye aproni. "Wameondoka leo asubuhi kwenda Mwanza. Alikungoja, mama. Aliamka mapema akakaa pale barazani, amevua viatu. Nikamwambia Sista vaa viatu, baridi. Akasema, Leo akija sitaki kupoteza muda kufungua kamba. Dereva akapiga honi, akapiga tena. Mpaka tukamvisha viatu wenyewe."

Niliketi kwenye ile baraza. Mabinti waliniletea maji, kisha mmoja wao, kwa adabu, akaniuliza kama bado nalia au nimemaliza, ili waendelee na ndizi.

Nyumba ya masista

Skolastika alipiga simu ya dereva. Ilishika. Nilisikia muungurumo wa gari, kisha sauti ya Sista, kubwa kama ilivyo ya watu wasiosikia vizuri.

"Nani?"

"Leokadia, Sista! Wa Keza!"

"Leo! Nilikungoja."

Nilitaka kumweleza kuhusu neno, kuhusu lori, kuhusu Nyakahura. Nilijizuia. "Sista, mlango. Nani yuko mlangoni?"

"Siyo nani. Leo, siyo kwa jina. Nimebanwa na mizigo huku, mikono haina nafasi. Sikiliza. Mlango ukifunguka, kwanza usimtazame usoni. Unatazama—"

Simu ikakatika. Tulipiga tena, na tena. Mara ilisema haipatikani, mara iliita bila kupokelewa. Jioni dereva alipiga mwenyewe kusema wamefika salama, Sista ameshaingizwa ndani uwanja wa ndege, amesimama upande wa pili wa kioo anapunga mkono.

Ndipo Skolastika akakumbuka kitu kingine. "Lakini alicheza, mama! Jumapili kwenye ukumbi, baada ya misa. Alicheza kile cha mlango, amekaa kwenye kiti kwa sababu ya magoti. Nimemrekodi."

Nilimwambia asianzishe kwanza. Nilinawa uso. Nilimwomba tukae mahali penye kivuli ili kioo cha simu kionekane vizuri. Kisha nikatazama.

Ni Sista, kwenye kiti, kanzu nyeupe, mabega yameshuka kwa uzee. Hodi inabishwa, kichwa kinageuka. Taa. Nguo. Nywele, ingawa anavaa shela. Kusita. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mikono ile na sijaona mahali palipoeleza jinsi mikono ya mtu mzee inavyoweza kuwasha taa pasipo na taa hadi ukaona mwanga kwenye uso wake. Kiganja kinafika kwenye komeo. Komeo linavutwa. Viganja viwili vinaachana, na kwa mara ya kwanza maishani nikauona mlango ule umefunguka. Macho yake yakashuka chini.

Hapo wanawake wa parokia wakainuka. Mnajua desturi: anayeagwa huvishwa. Walikuwa wamechanga vitenge, na walipoona Sista anacheza walishindwa kungoja amalize. Wakaja kwa vigelegele, wakamzunguka, wakamfunika kitenge kipya mabegani, kikamwangukia mpaka magotini, kisha cha pili juu yake. Wanalia, wanamkumbatia, wanaimba. Mtu anasikika akisema, "Mwacheni amalize!" na mwingine anajibu, "Amemaliza huyo, mzee amechoka!"

Hakuwa amemaliza. Ukitazama kwa makini kitenge kinatikisika. Mikono inaendelea chini yake.

Skolastika alinitazama akitabasamu, akingoja nifurahi. "Walimpenda sana," alisema.

"Ndiyo," nilimjibu. "Naona."

Asiwalaumu wanawake wale mtu yeyote. Mimi ningekuwa pale nami ningebeba kitenge.

Kurudi

Njia ya kurudi haikuwa na tukio. Sukari na majani ya chai niliwaachia masista. Nyakahura nilishuka kumsalimia Bibi Kabula kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nilipomweleza kwamba marehemu yuko hai na amepanda ndege, alishika kiuno akacheka mpaka machozi, kisha akakumbuka kwamba yeye ndiye aliyenizuia nisiondoke jioni ile, akaacha kucheka. Alinifungia michembe kwenye gazeti. Hakuniomba nicheze, nami sikuvaa njuga.

Mmeniuliza kwa nini tusimpigie kwa video. Tumepiga. Skolastika alipata namba ya nyumba ya masista wazee huko India, na Anita alikuwa nami tulipompata. Sista alikuwa kitandani. Alitazama kioo, akaunganisha viganja kutuamkia, akamuuliza jambo sista aliyeshika simu, kwa lugha ya kwao. Nilimwambia, "Sista, ni Leo wa Keza, mlango umefunguka, nitazame nini?" Aliendelea kutabasamu kwa heshima, kama mtu anavyotabasamu kwa wageni wa mwenzake. Yule sista alituambia kwa Kiingereza ambacho Anita alikifasiri: alifika mgonjwa kutoka safarini, na tangu afike anazungumza lugha ya utotoni peke yake, nyingine zote zimekwenda. Kuhusu kucheza, alisema hawajamwona akicheza, na hakujua kama aliwahi.

Kwa hiyo hesabu ya tulicho nacho ni hii. Mlango unafunguka kwa viganja viwili. Macho yanashuka. Humtazami usoni. Unatazama kitu fulani ambacho sikijui, na baada yake kuna mikono ambayo sijaiona. Mariselina amependekeza tutunge mwisho wetu, kwa kuwa hakuna mtu Ngara nzima atakayejua. Ni kweli hakuna atakayejua, na ndiyo sababu sitaki. Siku tutakapotunga, ule wa kweli utakuwa umefungiwa nje na sisi wenyewe.

Video ninayo kwenye simu. Mimi ni fundi, nguo naijua inavyokaa mwilini na inavyojibu kinachosogea ndani yake. Upande wa kulia kitenge kinainuka, kinatua, kinainuka tena taratibu. Upande wa kushoto kimetulia. Nimekata kitenge cha aina ile ile, uzito ule ule, nimejifunika mabegani mbele ya kioo, nimekaa kwenye kiti. Kila mkono ulio kwenye vitabu vyangu nimeujaribu chini yake, mmoja mmoja, kwa mpangilio, nione upi unakiinua kitambaa namna ile.

Mingi inakiinua namna ile.